Tao la Msikiti na Mchanga Uliolowa

Mwaka huu nimeweka nyundo chini. Si kwa sababu ya magoti, kama wanavyosema kanisani kwetu, ni kwa sababu nimetosheka. Mafundi wadogo wananipigia simu kuuliza hiki na kile, na mimi sipendi kurudia jambo moja mara tano, kwa hivyo naliandika hapa mara moja. Niliishia darasa la nne. Ukikuta neno limekaa vibaya, lisimamishe mwenyewe uendelee kusoma. Sitaandika nililipwa nini wala nani alinipandisha cheo. Kwa mawe hakuna cheo. Kuna anayechonga na kuna anayebeba.

Nilianza kwa kubeba. Nilikuwa nachota maji ya mafundi katika machimbo ya mawe upande wa Katelembo, na siku ya kwanza nilienda na viatu vya kanisa kwa sababu mama alisema kazini ni mahali pa heshima. Kufikia saa nne viatu vilikuwa vyeupe kwa vumbi, na soli moja ilikuwa imebaki nyuma njiani. Mzee Mutiso, aliyekuwa mkuu wa wachongaji, aliniangalia kutoka chini hadi juu akawauliza wenzake, "Huyu amekuja kazi ama amekuja harusi?" Walicheka mpaka wakaweka nyundo chini. Kesho yake nilienda miguu mitupu, na hakuna aliyecheka.

Huyo Mutiso ndiye aliyenifundisha, na hakuwahi kusema kwamba ananifundisha. Alinipa jiwe akaniambia, "Gonga." Nikagonga. "Limesema nini?" Nikamwambia halijasema kitu, ni jiwe. Akaligonga yeye, akagonga na lingine kando yake, na hapo nikasikia. Jiwe zima linalia kama sufuria tupu. Lenye ufa ndani linajibu kama boga. Nilikaa miezi nikigonga mawe na kuyasikiliza kabla hajaniruhusu kushika tindo. Nyinyi leo mnataka kushika tindo kabla ya chai ya asubuhi.

Vifaa vyangu vilikuwa vinne na vimebaki vinne. Nyundo, tindo, timazi ya kupimia wima, na kamba ya katani yenye mafundo. Kila fundo ni shubiri moja ya mkono wangu. Watu wamenicheka kwa hiyo kamba, hata mainjinia wenye vyeti vikubwa, lakini haijawahi kuishiwa na betri.

Jambo la maana zaidi nililolipata kwa Mutiso nililipata Kangundo, tulipojenga kidaraja cha tao moja kwenye njia ya kupeleka kahawa kiwandani. Tao, kwa asiyejua, linajengwa juu ya mbao zilizopindwa. Unapanga mawe huku na huku mpaka yakutane juu, unaingiza jiwe la mwisho la kufunga, unasubiri chokaa ishike, halafu unaondoa mbao. Hapo ndipo unajua kama wewe ni fundi. Siku ya kuondoa mbao, Mutiso aliingia chini ya tao na kikombe chake cha chai, akasimama hapo katikati. Nikamwuliza, "Mzee, mbona usisimame huku nje na sisi?"

"Aliyeweka jiwe la kufunga anasimama chini," akasema. "Nikijua nitasimama nje, nitachonga vibaya."

Alimaliza chai yake humo chini bila haraka. Nimeishi na sheria hiyo tangu hapo. Nimesimama chini ya kila tao nililolifunga, ingawa hayakuwa mengi. Kazi nyingi ya maisha yangu ilikuwa matangi ya maji, kuta za makanisa, na nguzo za mageti ya matajiri, zile za kuwekwa simba wa saruji juu. Wale simba sikuwatengeneza mimi. Wengi wanafanana na mbwa aliyeitiwa chakula.

Kazi ya mwisho ndiyo ninayotaka kuieleza vizuri, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ngumu na ndiyo niliyokosea.

Mzee Swaleh ni mwuza vitambaa mjini Machakos. Babu yake alipanda kutoka pwani, yeye amezaliwa hapa na Kikamba chake kinanishinda mimi. Ni mwenyekiti wa kamati ya msikiti mmoja mdogo pale mjini, na walikuwa wanataka kuujengea lango jipya. Alikuja kwangu na picha kubwa kwenye fremu. Mpwa wake alisoma nchi za juu huko, kaskazini kabisa mwa Afrika, akaileta kutoka mji mmoja wa kando ya bahari unaoitwa Mahdia.

"Fundi," akaniambia, "hili lango lina zaidi ya miaka elfu moja. Sehemu kubwa ya msikiti wenyewe iliharibika ikajengwa upya. Lango ndilo lililobaki."

Mimi ni Mkatoliki na sikuwahi kusikia habari za Mahdia, lakini mawe ni mawe. Nikaiweka hiyo picha juu ya meza ya jikoni, nikafukuza kuku, nikakaa nayo. Lile lango halikulala ndani ya ukuta kama milango mingine. Lilikuwa limetoka mbele ya ukuta, kama mwenye nyumba aliyepiga hatua moja kumpokea mgeni. Katikati kuna tao moja kubwa, na halikuwa duara la kawaida, chini lilijikunja ndani kidogo. Watu wa huko wanalifananisha na kiatu cha farasi. Mimi nililifananisha na alama ya kwato ya punda kwenye matope, na ilinisaidia zaidi kwa sababu punda ninamjua. Upande wa kulia na wa kushoto kulikuwa na mashubaka, yale matundu ya ukutani yasiyotokea upande wa pili, moja chini na moja juu. La chini ni bapa, la juu limechimbwa mviringo. Ni hayo tu. Hakuna maua, hakuna urembo wa kurukia macho. Yule fundi wa miaka elfu alijua kunyamaza, na nikampenda.

Kamati ilikuwa tayari na injinia, kijana wa Kivaa anayeitwa Mumo. Mumo ni mtoto mzuri, ana adabu, lakini alitaka lango la zege na chuma, halafu tubandike mawe membamba juu kama vigae.

"Mwaitu," akaniambia, kwa maana kwetu mama mtu mzima ndivyo anavyoitwa, "mawe matupu bila chuma? Hii kitu itamwangukia mtu."

"La Mahdia limemwangukia nani?"

"Hiyo ni Mahdia."

"Na mawe ya huko yanashikwa na nini, dua?"

Mzee Swaleh alicheka mpaka akashika kofia yake. Lakini yeye ni mfanyabiashara, hatoi neno bila kulipima. Akaamua hivi mbele yetu sote: nijenge kwa mawe, kwa chokaa, jinsi ninavyojua. Ila siku ya kuondoa mbao, tao likikohoa tu, jiwe moja likihama mahali pake, tunavunja lote na Mumo anamwaga zege lake. Nikakubali. Nilijua ni lango langu la mwisho, na sikutaka liwe la kubandikwa.

Wao wakiswali wanaelekea kaskazini, kwa hivyo lango liko nyuma yao na linatazama kusini. Hilo lilinisumbua mapema. Mwezi wa saba nilikuwa nimemaliza mashubaka ya chini na nimeanza ya juu, na Mzee Swaleh akaja na picha yake. Aliangalia ukuta, akaangalia picha, akaangalia ukuta.

"Fundi, mbona ya kwetu hayaonekani? Kwenye picha yana kivuli. Haya ni kama yamechorwa kwa kalamu."

Nilikuwa nimeyachimba kiganja kimoja tu, na hapo alikuwa na haki. Nikayaongeza yote kina mpaka yakameza mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Akarudi, na bado hayakuonekana. Ndipo nikamwonyesha juu. Mwezi wa saba kwetu ni wa mawingu na baridi, na jua hata likitoka linapitia upande wa kaskazini, nyuma ya msikiti. Uso wa lango haulioni.

"Rudi Desemba," nikamwambia.

"Desemba?"

"Jua litakuwa limehamia huku. Kivuli siwezi kuchonga, Mzee."

Akaondoka akitikisa kichwa. Dada yake, Bi Rukia, aliyekuwa akipita na kapu la nyanya, akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, "Fundi gani huyu, anampa mteja miadi ya jua?"

Huyo Bi Rukia mumjue. Ndiye mkuu wa jiko la msikiti, mwanamke mnene wa umri wangu, na mdomo wake haujawahi kupumzika. Tulianza kwa kutazamana vibaya na tukaishia marafiki, nami nitaeleza ilikuwaje.

Mwezi wa kumi nikafunga tao. Mbao za kulishikilia zilikaa juu ya nguzo nne, mbili kulia na mbili kushoto, na chini ya kila nguzo niliweka gunia lililojaa mchanga mkavu wa mtoni. Sikilizeni hapa, mafundi. Msiwahi kuangusha mbao za tao kwa nyundo. Mawe hayapendi kushtuliwa. Ukitaka kushusha mbao, unatoboa pembe ya gunia na mchanga unatoka wenyewe, polepole, kama unga, na mbao zinashuka pamoja nao bila kelele. Pande zote mbili zishuke sawa. Hiyo pia ni ya Mutiso, na mchanga tunao sisi, mito yetu ina mchanga kuliko maji.

Tukapanga Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja, ili Ijumaa watu waingie kuswali kwa kupita chini ya lango. Bi Rukia akaandaa pilau ya wageni.

Jumatatu ya wiki hiyo mvua ikanyesha. Ilikuwa ya kwanza, na tulikuwa tumeingoja hadi tukaanza kukasirika. Mtu asiyekuwa wa Ukambani hawezi kuelewa. Tone la kwanza lilipogonga bati, fundi mmoja akaweka mwiko chini, wa pili akavua ovaroli, na kabla sijasema kitu mjengo ulikuwa hauna mtu. Wote wamekimbilia mashamba yao kupanda. Ningependa kuandika kwamba mimi nilibaki. Sikubaki. Nilikuwa wa nne kutoka getini, nimevua hata kilemba ili nikimbie vizuri. Siku tatu nilipanda mahindi, kunde na mbaazi, nikaimba. Hakuna aliyekumbuka magunia. Ile turubai ya kuyafunika ilikuwa imekunjwa vizuri ndani ya stoo, kavu kabisa.

Alhamisi asubuhi jua lilikuwa limewaka na magunia yalionekana makavu. Yalikuwa ya nailoni, yanakauka nje haraka. Mutiso angeingiza kidole. Mimi sikuingiza. Kamati ilikuwa imesimama, Mumo ana karatasi zake, Mzee Swaleh amevaa kanzu nyeupe. Nikatundika timazi kwenye jiwe la kufunga, nikaingia chini ya tao, nikamwambia fundi mmoja atoboe magunia ya kushoto na mwingine atoboe ya kulia.

Ya kushoto yakamwaga mchanga vizuri. Ya kulia hayakutoa hata punje.

Nikaangalia juu upande wa kulia nikaona mfereji wa paa la msikiti. Siku tatu maji yote ya paa yalikuwa yakimwagikia magunia yale mawili. Mchanga ulikuwa umelowa na kushikana kama sima. Na huku kushoto mbao zilikuwa zimeshuka vidole viwili tayari, kwa hivyo kulia zikainuka na kuanza kusukuma mawe kwa ndani. Kipande cha chokaa kikaniangukia begani.

"Mwaitu, toka!" Mumo akapiga kelele.

"Zibeni ya kushoto!" nikasema. Mafundi wakaziba matundu kwa viganja, halafu kwa matambara. Mchanga ukasimama.

"Toka, nitaleta nyundo tugonge nguzo ya kulia."

"Ukigonga hiyo nguzo, tao lote linakuja. Niletee kijiko."

"Kijiko?"

"Kirefu. Huu mchanga hautoki wenyewe, lazima uchotwe."

Mumo alibaki amesimama kama aliyeulizwa swali la mtihani. Aliyesikia ni Bi Rukia. Alikuja kutoka jikoni na vijiko viwili vya pilau, vile vya chuma vyenye mkono mrefu, mvuke bado unatoka. Akanipa kimoja, akainama kuingia chini ya tao na kile kingine.

"Wewe unaenda wapi?" nikamwambia. "Hapa anasimama aliyeweka jiwe la kufunga."

"Magunia ni mawili na wewe una mikono ya gunia moja. Sogea, Mama Mwende."

"Litakuangukia."

"Mimi nimechota ukoko wa sufuria za harusi miaka arobaini. Huu ni wali ulioshika chini tu. Hesabu!"

Basi nikahesabu. Yeye gunia la mbele, mimi la nyuma. Moja, tunachota, tunatoa. Mbili, tunachota, tunatoa. Kama mmoja angemtangulia mwenzake, nguzo zingeenda mshazari. Mumo akapata akili, akalala kifudifudi na suruali yake nzuri akitazama timazi, akawa anatuambia inaelekea wapi. Nje Mzee Swaleh alikuwa akiomba kwa sauti ya chini, na mafundi wangu wawili wa kanisa la Kiprotestanti walikuwa wakiomba kwa sauti ya juu. Mimi sikuomba. Nilikuwa nahesabu.

"Mbona unahesabu kama mwalimu mgonjwa," Bi Rukia akasema kwenye ishirini. "Ongeza."

"Chota, wacha mdomo."

"Mdomo hauchoti mchanga, uache ufanye kazi yake."

Tulipofika sitini na kitu, Mumo akasema, "Iko sawa. Zimelingana." Nikaagiza wa kushoto watoe matambara kidogo kidogo. Tukaenda pamoja sasa, pande zote. Kijiko changu kilikuwa kimepinda kama ndoano. Halafu tao likasema neno moja. Lilikuwa tk, kama mzee anayekaa kwenye kiti. Mbao zikaachana na mawe, na nikaona mwanga katikati yao, mwembamba kama uzi.

Nikainua uso. Mawe yote yalikuwa mahali pake. Kati ya jiwe la tatu na la nne, upande wa kulia, palikuwa na ufa katika chokaa, upana wa ukucha. Nikamwita Mumo aingie. Akaingia, akauangalia, akaingiza ncha ya kalamu, akapima. Mimi nilikuwa nimemwomba Mungu jambo moja tu kufikia hapo, Mumo asijaribu kunionea huruma.

"Chokaa ndiyo imepasuka," akasema mwishowe. "Jiwe halijahama."

"Limekohoa ama halijakohoa?" akauliza Mzee Swaleh kutoka nje.

Mumo akaniangalia. Akamwangalia Bi Rukia, aliyekuwa na mchanga hadi kwenye nyusi na kijiko mkononi kama askari.

"Limesafisha koo, Mzee. Hiyo si kukohoa."

Mzee Swaleh akavua viatu, sijui kwa nini, akaingia chini ya tao na kanzu yake nyeupe, akasimama katikati yetu. Tukawa wanne humo ndani. Niliomba chai. Ikaletwa, nikainywa yote bila haraka, jinsi nilivyoonyeshwa.

Ule ufa sikuuziba. Mumo alitaka kuuziba, nikamkataza. Hauna madhara, na ninyi mkienda pale mwinue macho upande wa kulia, mhesabu mawe mpaka la tatu, muuone. Hiyo ni turubai iliyobaki stoo.

Desemba, Mzee Swaleh aliniita. Nilimkuta barabarani, ng'ambo, amesimama na picha yake mkononi saa sita ya mchana. Jua lilikuwa limehamia kusini, na mashubaka yote manne yalikuwa yamejaa kivuli cheusi hadi chini. Aliangalia picha, akaangalia lango, akaangalia picha. Halafu akaiweka picha kwapani.

"Umechelewa kwa miezi mitano," nikamwambia.

"Miadi ni miadi," akasema.

Kijiko kilichopinda ninacho mpaka leo, kinaning'inia karibu na timazi. Bi Rukia amekiulizia mara nyingi, anasema seti yake imebaki pungufu. Kama amesomewa haya, ajue sirudishi.

Siku hizi kazi yangu ameishika Mwikali, msichana niliyemfunza miaka ya mwisho. Ananiita Susu, yaani bibi, na ana sikio la mawe kuliko mimi. Sasa hivi anajenga tao la zahanati kwetu, juu ya magunia. Wiki iliyopita mvua ya kwanza ya mwaka ilianza nikiwa shambani. Nikatupa jembe nikampigia simu hapo hapo.

"Umefunika mchanga?"

"Nimefunika, Susu, kabla haijaanza."

"Umeingiza kidole?"

"Nimeingiza. Ni kavu. Na wewe umefunika?"

"Mimi nimestaafu. Nifunike nini?"

"Kuni."

Nikageuka nikatazama nyumbani. Kuni zangu zote zilikuwa uwanjani, nilikuwa nimezianika asubuhi, na maji yalikuwa yanazitiririkia. Nikamwambia Mwikali kwamba mtandao ni mbaya, nikakata simu.